Bima Iliyotuziba Mdomo

Mwaka ule dawa ya mume wangu ilipounguza kibanja cha mjane mmoja wa Buganguzi, mimi na mume wangu tulikatazwa kumwambia pole. Hatukukatazwa na chifu wala na kanisa. Tulikatazwa na kampuni ya bima, kupitia kwa jirani yetu aliyekuwa wakala wake. Nimezeeka sasa, lakini nikilikumbuka jambo hilo nikiwa jikoni, huacha chungu motoni nikatoka nje kwanza.

Nieleze tangu mwanzo, maana wanangu wakilisikia hudhani nimechanganya mambo.

Mume wangu alikuwa mtaalamu wa kahawa. Alisomea kilimo enzi za Waingereza, akaajiriwa serikalini kuzunguka vijijini akiwafundisha watu kupogoa mibuni na kuua wadudu. Aliifanya kazi hiyo mpaka alipogombana na mkubwa wake, Mwingereza aliyetaka wakulima wasiopogoa wapelekwe barazani wakatozwe faini. Mume wangu akaambiwa awataje. Akakataa, akaacha kazi kabla hajaachishwa. Akanunua bomba la dawa la kubeba mgongoni, akalifunga nyuma ya baiskeli, akaanza kujitegemea. Aliyekuwa na mibuni inayougua alimwita, naye alikwenda, akaikagua, akashauri, na ikibidi akanyunyiza dawa. Watu waliendelea kumwita Bwana Shamba kama vile serikali bado ilikuwa nyuma yake. Haikuwa nyuma yake. Nyuma yake kulikuwa na mimi na cherehani yangu tu.

Tulipanga nyumba Bilele, mjini Bukoba, na kibanja chetu cha urithi, shamba la migomba na kahawa, kilikuwa Kanazi. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Mwislamu, babu yake alitoka pwani, bibi yake Mhaya. Kihaya chake kilikuwa kitamu kuliko changu mimi Mhaya niliyezaliwa na mwinjilisti wa Kilutheri. Mkewe alikuwa rafiki yangu wa kweli. Idi tulikula kwao, Krismasi walikula kwetu. Jirani mwenyewe aliniita shemeji, nami nikamwita shemeji.

Huyu shemeji alikuwa na duka la vitambaa, kisha akapata uwakala wa kampuni ya bima yenye ofisi zake Nairobi. Alianza kwa kuwauzia wenye malori. Halafu jioni moja akaja kibarazani kwetu, akaketi, akamwambia mume wangu:

"Bwana Shamba, mwenye lori akigonga ng'ombe wa mtu, kampuni inalipa. Na wewe je? Siku ukimshauri mtu vibaya, kibanja chake kikaharibika, nani atalipa?"

"Mimi," mume wangu akajibu.

"Kwa kitu gani? Kwa baiskeli?"

Mume wangu akacheka. Shemeji hakucheka. Akaeleza kuwa huko Ulaya madaktari, wachora majumba na wanasheria, watu wote wanaouza ujuzi wao, wana bima ya makosa ya kazi. Mtu ni mtu, hukosea. Akikosea, kampuni humlipa aliyeumia, na mtaalamu huendelea na kazi yake.

"Kwa hiyo nikikosea, mkulima hatapata hasara?" mume wangu akauliza.

"Hatapata hasara. Ndiyo maana ya bima."

Nakumbuka sura ya mume wangu aliposikia hivyo. Jambo hilo lilimgusa mahali penyewe, kwa sababu hofu yake kubwa tangu aache serikali ilikuwa hiyo. Alikuwa anaingia katika kibanja cha mtu, mahali panapotoka chakula chake, kahawa yake, hata makaburi ya wazee wake yamo mle, na anamwaga humo vitu vilivyotoka kiwandani. Akaichukua ile bima. Tukajinyima, lakini tukailipia. Tangu siku hiyo, kila alipoitwa, alisema kabla hajafungua bomba: "Nikiharibu, utalipwa. Nina bima." Aliwaambia Kanazi, akawaambia Muleba, akamwambia na yule mjane wa Buganguzi. Alilitoa neno la kampuni kama neno lake mwenyewe.

Mjane huyo alikuwa mwanamke mtu mzima, mumewe amekufa, watoto wake wa kiume wamekwenda Uganda kutafuta kazi. Mibuni yake ililiwa na kunguni wa kahawa. Mume wangu akaenda na dawa mpya, ya maji meupe yenye kunuka kama mafuta ya taa. Mvua zilikuwa zinanyesha mara kwa mara, akahofia dawa itaoshwa kabla haijafanya kazi. Akaichanganya kali kuliko ilivyoelekezwa. Akanyunyiza kibanja kizima.

Aliporudi huko mara ya pili kuangalia, alirejea nyumbani akiwa amekokota baiskeli, hakuipanda. Nilikuwa nashona. Akakaa kwenye kizingiti.

"Nimekosea," akaniambia. "Nilizidisha dawa. Kunguni wamekufa, na mibuni imepukutisha majani yote. Na migomba iliyo chini yake imeungua. Mikungu michanga imekuwa myeusi, mama. Hata maharage."

Wahaya wanaelewa maana ya maneno hayo. Kwetu migomba na mibuni huota pamoja, na mtu ambaye migomba yake imeungua hana ghala lingine la kukimbilia. Nikaacha kushona.

"Umemwambia?"

"Hakuwepo, alikuwa rweyani, huko mbugani, kukata nyasi. Kesho nitarudi nimwambie. Nitamwambia na habari ya bima, asiogope."

Lakini kwanza, kwa uungwana wake, akapita kwa shemeji kumjulisha. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika, na shemeji alikuwa nyuma yake.

"Shemeji, keti," yule bwana akaniambia ndani ya nyumba yangu mwenyewe. "Hili nataka mlisikie wote wawili. Bwana Shamba asiende Buganguzi. Asimwambie yule mama kwamba amekosea. Asimwombe radhi. Asimpelekee chochote, hata ndizi moja."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu akiomba radhi amekiri. Sharti la kampuni ni kwamba mwenye bima wala mtu wa nyumbani kwake asikiri kosa mpaka kampuni yenyewe ichunguze na kumruhusu. Akikiri, bima inakufa."

Nikamwuliza, "Mbona hukulisema sharti hilo siku unauza?"

"Limo kwenye karatasi, shemeji."

"Siyo karatasi iliyokuja kukaa hapa kibarazani. Ni wewe."

Akamgeukia mume wangu, akasema jambo lililotufunga kamba: "Ukitaka yule mama alipwe, nyamaza. Ukifungua mdomo, ni yeye atakayekosa."

Basi mume wangu akanyamaza. Wanaosema alinyamaza kwa kujiokoa hawakumjua. Alinyamaza kwa ajili ya yule mjane, na kunyamaza huko kukamla. Aliacha kwenda kazini. Kila siku aliosha lile bomba lililokwisha kutakata.

Majuma yakapita na mchunguzi wa kampuni hakuja. Walikuja watu wa Buganguzi. Ndugu wa marehemu mumewe yule mjane, mzee wa makamo, alifika na wanaume wengine wa ukoo, wamevaa kanzu zao safi kama watu wanaokuja kuposa. Walikaa sebuleni kwetu. Nikawaletea maji, hawakuyagusa.

"Bwana Shamba," mzee akaanza kwa upole, "hatukuja kugombana. Mtu huweza kukosea. Tumekuja kusikia kutoka kwako. Kibanja cha mke wa marehemu ndugu yetu kimeungua. Umekiona?"

Mume wangu akatazama sakafu. "Nimekiona, mzee."

"Kimefanywa nini?"

"Mzee, jambo hilo liko kwa kampuni."

"Kampuni gani?"

"Kampuni ya bima. Itakuja kuchunguza."

Yule mzee aliwatazama wenzake, kisha akamrudia mume wangu. "Kampuni ndiyo iliyoingia kibanjani na bomba mgongoni?"

Nilimwona mume wangu akiuma midomo. Mtu mzima, aliyekataa kuwataja maskini mbele ya Mwingereza akapoteza mshahara wake, ameketi mbele ya wazee wenzake kama mwizi aliyekamatwa na kuku. Wakangoja. Hakusema. Wakainuka. Mlangoni mzee akasema, "Baba yako nilimfahamu," akaondoka.

Nilikasirika sana siku hiyo. Nilimkasirikia mume wangu kwa kutii. Nilimkasirikia jirani. Zaidi ya wote niliwakasirikia watu nisiowajua, waliokaa ofisini Nairobi au ng'ambo, wakaandika kwamba mtu akimwumiza mwenzake akaona haya, hiyo haya ni kosa la pili. Ni nani aliyewapa ruhusa ya kuingia katikati ya mtu na jirani yake? Tuliwalipa watubebee mzigo. Wao wakachukua ndimi zetu.

Asubuhi iliyofuata nikamwambia mume wangu ninakwenda Kanazi kuangalia kibanja. Hilo halikuwa uongo. Nilikwenda Kanazi, nikakata mikungu mitatu ya ndizi, nikasimama barabarani. Lori la kahawa lililokuwa linarudi tupu Muleba likanichukua. Kutoka Muleba nikapata vijana wa kunisaidia kubeba, tukatembea hadi Buganguzi.

Nilikuwa nimesikia habari ya kibanja hicho, lakini kusikia si kuona. Kibanja cha Mhaya huwa na giza la baridi ndani yake hata jua likiwa kali. Kile kilikuwa wazi kama uwanja. Majani ya migomba yaling'inia kama matambara ya kahawia. Yule mjane alikuwa anakata migomba iliyoungua, peke yake. Nikapiga magoti, nikamsalimu kwa Kihaya kama inavyompasa mtu mzima. Akaitikia, akaangalia zile ndizi.

"Umetumwa na kampuni?" akauliza.

"Hapana, waitu," nikamjibu kwa heshima. "Mimi ni mke wa Bwana Shamba. Nimekuja mwenyewe."

"Yeye yuko wapi?"

"Yuko nyumbani. Amekatazwa kuja."

"Amekatazwa na nani? Mtu mzima ana mama wa kumkataza?"

Hapo nikasema. Nilisema yote, bado nimepiga magoti kwenye majani makavu. "Mama, pole. Pole sana. Mume wangu amekosea, na anajua amekosea. Alizidisha dawa. Hapati usingizi, hali chakula. Ameambiwa akikuomba radhi hutalipwa, ndiyo maana amekaa kimya. Siyo kiburi."

Yule mama hakulia wala hakunikumbatia. Alikuwa na hasira zake, na zilikuwa halali yake. "Nimekaa hapa mwezi mzima," akasema, "nikijiuliza nilimkosea nini yule mtu hata aniharibie na asigeuke nyuma. Nimewaza hata kulogwa. Nimemwaza jirani yangu wa hapo chini, mtu wa watu, nikaacha kumsalimia. Yote hiyo kwa sababu ya neno moja ambalo mmelificha huko Bukoba."

"Ndiyo, mama."

"Simama basi. Chukua panga lile."

Tukakata migomba mpaka jua likaegemea. Tulikata iliyokufa, tukaacha machipukizi yaliyokuwa bado mabichi chini. Alinionyesha yale aliyodhani yatapona. Tulipomaliza alinipa maji ya kunawa, na ile mikungu akaibeba mwenyewe mmoja mmoja kuingiza ndani.

Mume wangu alinisubiri mlangoni niliporudi kesho yake. Aliyatazama mavumbi na utomvu wa migomba kwenye nguo yangu, na utomvu huo hautoki hata ufue vipi.

"Ulikwenda Buganguzi."

"Nilikwenda."

Nilidhani atanifokea. Alikaa kwenye kizingiti palepale alipokaa siku ya kwanza, akauliza kwa sauti ya chini, "Alisemaje?"

Mchunguzi wa kampuni alifika baadaye, Mzungu mwenye kofia na soksi ndefu, akapelekwa Buganguzi na shemeji akiwa mkalimani wake. Yaliyotokea huko nilisimuliwa na mjane mwenyewe. Mzungu alikizunguka kibanja, akapiga picha, akauliza maswali. Mwishoni akauliza kama kuna mtu yeyote wa upande wa Bwana Shamba aliyemwambia chochote kuhusu chanzo cha madhara. Yule mama, kwa moyo mweupe, akidhani anatusaidia, akasema: "Ndiyo. Mke wake alikuja hapa, Mungu ambariki, akaniambia mumewe alizidisha dawa na anajuta. Akanisaidia kukata migomba."

Na shemeji akalitafsiri. Neno kwa neno. Angeweza kusema mke wake alikuja kumsalimu. Lile neno moja tu, kumsalimu, nalo lingekuwa kweli. Yeye akalitafsiri lote.

Alikuja kutuletea jibu yeye mwenyewe, nakubali kuwa hilo lilihitaji moyo. Alisimama kibarazani, hakuketi.

"Kampuni imekataa," akasema. "Wamesema kosa lilikiriwa bila ruhusa yao."

"Yule mama hatapata kitu?" mume wangu akauliza.

"Hatapata kitu kutoka kwao."

"Lakini wamekiona kibanja. Wameona kimeungua. Wamejua ni dawa yangu."

"Wamejua."

"Basi tatizo ni nini? Ukweli wanao."

Shemeji akanitazama. "Shemeji, nilikukanya."

"Ulinikanya nisiwe mtu," nikamwambia. "Na usiniite shemeji. Mwaka wote ulipokea fedha zetu ukisema mtu hukosea. Kumbe mnawataka wanaokosea wasiokuwa na haya."

"Mimi ni wakala tu. Sikuandika lile sharti."

"Ulilitafsiri."

"Ulitaka niseme uongo mbele ya Mzungu?"

"Nilitaka umwonee haya yule mama kama unavyomwonea haya Mzungu!"

Majirani wote wa Bilele walinisikia, na nilitaka wasikie. Mume wangu alinishika bega. Hakuninyamazisha. Alilishika tu.

Kesho yake akapanda baiskeli, akaenda Buganguzi, akaingia kwa yule mzee aliyemfahamu baba yake. Alisema mbele ya ukoo yale aliyotakiwa kuyasema tangu mwanzo. Mzee akamwambia wangeyamaliza hapohapo kama angekuja mapema, lakini sasa jambo limekwisha kufika baraza la gombolola, mbele ya chifu mdogo, na haliwezi kurudishwa nyuma. Barazani hakujitetea. Ikaamuliwa kwamba kibanja chetu cha Kanazi kimlishe yule mama mpaka migomba yake izae tena, na mume wangu afanye kazi ya kukifufua kibanja chake. Hukumu hiyo niliiona ya haki. Niliilipa kwa mikono yangu na sikuinung'unikia. Mtu alipoteza chakula, akarudishiwa chakula, na aliyemwunguzia migomba akaenda kuipanda. Sikuhitaji Nairobi kunifundisha hilo.

Ila kazi ilikufa. Wachache waliendelea kumwita, hasa wale waliokuwepo barazani wakamsikia. Wengi hawakumwita tena. Hawakuogopa dawa, dawa zilikuwepo madukani na walinyunyiza wenyewe. Walisema, huyu alituambia tukiharibikiwa tutalipwa. Walikuwa sahihi. Alikuwa amewapa neno ambalo halikuwa lake, na siku lilipogeuka hewa, ni yeye aliyekuwa amelitamka. Alilitundika bomba darini, akaajiriwa kwenye bustani ya miche ya kahawa ya misheni, mahali ambapo hakuwa mtaalamu wa mtu yeyote. Aliamkia miche, akaimwagilia, akarudi. Hakulalamika, na kutolalamika kwake kukanipa hasira zaidi, nikawa nalalamika kwa niaba ya wawili.

Shemeji hakuacha uwakala. Aliendelea kuuza bima, ile ya malori na ile ya makosa ya kazi. Niliwahi kumwona akimwelezea fundi mmoja wa nyumba pale sokoni, mkono begani kwake. Nikaenda nikasimama kati yao, nikamwuliza yule fundi kama ameambiwa kuhusu kuomba radhi. Fundi akasema hapana. Nikamwambia aulize. Sijui kama aliuliza.

Kodi ya Bilele ilitushinda, tukaamua kuhamia Kanazi. Siku ya kuhama lori lilisimama mbele ya nyumba, na majirani wakaja kutusaidia kupakia. Mke wa yule wakala alikuwa wa kwanza. Alifunga vyombo vyangu kwenye kanga zake mwenyewe huku akilia, nami nikalia naye, maana yeye hakunikosea. Halafu nikamwona mumewe anaingia chumbani, anainama, ananyanyua kichwa cha kitanda chetu. Mume wangu alikuwa ameshika upande wa miguu.

"Kiweke chini," nikamwambia.

Akakiweka chini. Alisimama pale, jasho usoni, hajui mikono yake aipeleke wapi.

"Kinyanyue," mume wangu akasema, bila kunitazama. "Kizito, siwezi peke yangu."

Akamtazama mume wangu, akanitazama mimi, akakinyanyua. Wakatoka nacho kiubavuubavu mlangoni, wakiambizana pole pole, kulia kidogo, angalia ukuta. Nikachukua sufuria zangu nikazunguka kwa mlango wa nyuma, nisipite walipokuwa wakipita.